Foleni ya Hazina na Zamu ya Kinna

 

Leo, msikilizaji wangu, tuzungumze kuhusu deni la taifa, na naomba usibadilishe stesheni. Wazee wengi wa huku Kinna, kaunti ya Isiolo, wakisikia habari hii husema: hilo ni deni la Nairobi, waliokopa ndio waliokula, basi walipe wao. Nawaelewa wazee wangu, na kabla hatujaagana nitawapa haki yao. Lakini Kinna inalilipa deni hilo kila siku. Na pesa zinapopungua kule juu, Kinna ndiyo inayoambiwa isubiri. Hilo la kusubiri ndilo linalonichoma, na ndilo nililokuja nalo leo.

Tuanze na hesabu ya mwaka wa fedha ulioanza tarehe 1 Julai 2025. Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliposoma bajeti tarehe 12 Juni, matumizi yalikadiriwa kuwa shilingi trilioni 4.29. Mapato yote yaliyotarajiwa, kodi, ada na mengineyo, yalikuwa kama trilioni 3.3. Ukiongeza na misaada midogo ya wafadhili, bado kulikuwa na pengo la shilingi bilioni 923. Pengo hilo ndilo nakisi ya bajeti, na halina pa kuzibwa ila kwa kukopa. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 100 serikali ilizopanga kutumia, zaidi ya 21 hazikuwamo mfukoni.

Nakisi ni ya mwaka mmoja. Deni ni nakisi za miaka yote zilizorundikana. Juni 2013, serikali za kaunti zilipokuwa ndio kwanza zinaanza, Kenya ilikuwa inadaiwa chini kidogo ya trilioni 1.9. Juni 2025 ilikuwa imefika trilioni 11.8. Miaka 12, na deni limekua zaidi ya mara sita. Bunge liliweka kikomo cha trilioni 9 mwaka 2019, likakipandisha hadi trilioni 10 mwaka 2022, na mwaka 2023 likaachana kabisa na kikomo cha shilingi na kuweka kipimo kingine: asilimia 55 ya pato la taifa, kwa thamani ya leo ya malipo yajayo. Tumekwisha kukipita kipimo hicho, na sheria imetupa hadi mwishoni mwa mwaka 2028 kurudi chini yake.

Sasa, tunadaiwa na nani? Watu hudhani ni Wachina na Benki ya Dunia tu. Zaidi ya nusu ya deni hilo tunadaiwa humu humu nchini. Serikali hukopa kupitia Benki Kuu kwa kuuza hati za siku 91, 182 na 364, na hatifungani za miaka mingi. Wanunuzi wakubwa ni mabenki, wakifuatwa na mifuko ya pensheni. Kwa hivyo mwalimu wa Kinna anayekatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya uzeeni ni mkopeshaji wa serikali, hata kama hajawahi kuambiwa. Deni likivurugika, pensheni yake imo ndani.

Mkopo wa ndani una madhara yake pia. Katikati ya mwaka 2024 serikali ilikuwa inalipa riba ya zaidi ya asilimia 16 kwa hati za siku 364. Jiweke kwenye kiti cha meneja wa benki. Upande mmoja ni serikali, inayokuhakikishia asilimia 16 nawe umekaa tu. Upande wa pili ni kijana wa Kinna anayetaka shilingi 200,000 anunue mbuzi akauze, hana hati ya shamba kwa sababu ardhi ya huku ni ya jamii. Utamkopesha nani? Riba hizo zimeshuka sana tangu wakati huo, lakini vijana wengi walifungiwa mlango katika kipindi kile. Na nyinyi mnajua kwamba wengi wetu huku hatugusi riba kwa ajili ya dini yetu. Hatuichukui, lakini tunailipa, kwa sababu imo ndani ya kodi zetu.

Mkopo wa nje una hatari nyingine, nayo ni bei ya dola. Juni 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa mara ya kwanza katika soko la kimataifa, mkopo ule unaoitwa Eurobond. Bilioni moja na nusu zilikuwa za miaka 10, kwa riba ya asilimia 6.875. Miezi michache baadaye tukaongeza dola nyingine kwenye mkopo huo, na jumla ya kulipwa Juni 2024 ikawa dola bilioni 2. Tulipokopa, dola moja ilikuwa chini ya shilingi 90. Januari 2024, siku ya kulipa ikikaribia, dola ilifika kama shilingi 160. Piga hesabu polepole: deni la kama shilingi bilioni 175 limegeuka kuwa bilioni 320, wala hatujaongeza hata senti moja. Februari 2024 serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili ilipe sehemu kubwa ya mkopo ule wa zamani. Wakopeshaji wakatulia, na dola ikarudi hadi kama shilingi 130. Kushuka huko peke yake kulipunguza shilingi bilioni 60 kwenye deni lile la dola bilioni 2. Mgao wa kaunti ya Isiolo katika mwaka wa fedha 2021/22 ulikuwa kama shilingi bilioni 4.7. Kupanda na kushuka kwa dola kwa wiki chache kunaweza kumeza au kurudisha mgao wetu wa miaka 12.

Mtu akiniuliza kama kukopa ni vibaya, nitamrudisha kwenye dabare. Waborana na Wagabra wanalijua jambo hili kuliko wachumi. Mtu aliyepungukiwa hupewa mnyama wa maziwa na mwenziwe, watoto wake wakanywa, wakapona, na mnyama na ndama wake wakabaki mali ya mwenyewe. Hakuna aibu ndani yake. Aibu inaingia pale mtu anapopewa ng'ombe wa maziwa akamchinja, halafu mwenye ng'ombe anapokuja watoto ndio wanaoambiwa watafute ng'ombe mwingine. Mkopo wa serikali tuupime hivyo hivyo: umetoa maziwa au umechinjwa?

Barabara ya Isiolo kwenda Mandera, inayopita Kulamawe na Modogashe, inajengwa kwa mikopo, ukiwemo ule wa dola milioni 750 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020, wa riba nafuu na muda mrefu wa kulipa. Mtu wa Kinna anajua lami ikifika Kulamawe ina maana gani kwa mgonjwa, kwa gunia la kitunguu, kwa mbuzi anayekonda njiani. Huo mimi nauita mkopo wa maziwa, mradi kazi imalizike na imalizike vizuri. Lakini ile Eurobond ya 2014, Mkaguzi Mkuu wa wakati huo, Edward Ouko, hakuweza kuthibitisha katika ripoti zake namna pesa zile zilivyotumika. Miaka 10 baadaye tukakopa tena kuzilipa. Na hapa karibu kuna uwanja wa ndege wa Isiolo, uliofunguliwa mwaka 2017 kwa matumaini ya kusafirisha nyama na miraa moja kwa moja hadi ng'ambo. Pesa za umma zilimwagwa pale, lakini ndege za mizigo hazikuja kama tulivyoahidiwa, na mbuzi wetu bado wanapanda lori. Hata pesa isipokuwa ya mkopo wa moja kwa moja, katika nchi yenye nakisi kila mradi usiozaa unaongeza kukopa mahali pengine.

Wapo wanaouliza, kwa nini serikali isichapishe pesa ikalipa? Tumewahi kuonja hilo. Wakati wa uchaguzi wa 1992 pesa zilimiminwa, na mwaka 1993 mfumuko wa bei ukafika kama asilimia 46. Waliokuwa na duka wakati ule wanakumbuka walivyobadilisha bei. Ndiyo sababu sheria sasa inaibana serikali isichote Benki Kuu zaidi ya asilimia 5 ya mapato yake ya mwaka yaliyokaguliwa.

Na kama kukataa kulipa ni rahisi, tuwaulize ndugu zetu wa ng'ambo ya Moyale. Desemba 2023 Ethiopia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 33 ya Eurobond yake. Milioni 33 si pesa nyingi kwa nchi kubwa kama ile. Lakini kutokea hapo ikabidi waingie katika mazungumzo marefu na wakopeshaji, na Julai 2024 wakaiachia birr ijitafutie bei. Kutoka kama birr 57 kwa dola, ikapita 100 ndani ya wiki chache. Mfanyabiashara wa Moyale aliyekuwa ameweka akiba yake kwa birr alilala na mali, akaamka na nusu yake.

Basi turudi nyumbani. Kinna inalipaje?

Unga wa mahindi hautozwi VAT, wala maziwa mabichi ya ngamia. Lakini ukinunua sabuni, umelipa asilimia 16. Ukituma pesa kwa simu, ndani ya ada ile kuna ushuru wa asilimia 15. Ukinunua muda wa maongezi, vivyo hivyo. Mafuta ya gari yalitozwa VAT ya asilimia 8 hadi katikati ya 2023, ikapandishwa ikawa 16. Juu yake kuna ada ya kukarabati barabara, shilingi 25 kwa kila lita tangu Julai 2024, na shilingi 7 kati ya hizo 25 zimekwisha kuwekwa rehani ili serikali ipate shilingi bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi wa barabara waliokuwa wakidai. Sikiliza hilo vizuri: mwenye bodaboda wa Kinna anayetia lita mbili leo, shilingi 14 zake zinalipia barabara iliyojengwa zamani, mahali ambapo huenda hatafika maishani. Na kwa kuwa kila kitu kinaletwa na gari, mtu wa mbali na mji hulipa kodi ya mafuta mara nyingi zaidi kuliko wa Nairobi, kupitia bei ya kila kitu dukani.

Tumelipa. Sasa pesa imefika kule, inagawanywaje? Kifungu cha 214 cha Katiba kinasema deni la umma linalipwa moja kwa moja kutoka mfuko mkuu wa serikali. Halingoji mjadala wa Bunge kila mwaka. Mwenye Eurobond yuko mbele kabisa, pamoja na benki ya nje na mwenye hatifungani. Karibu nao wamo wenye pensheni na maafisa wakuu ambao mishahara yao inalindwa na Katiba. Wanafuata watumishi wa umma, maana usipowalipa watagoma. Halafu wizara, halafu kaunti. Nyuma ya kaunti wamesimama watu walioiuzia serikali mali na kazi. Katika mwaka huo wa fedha wa 2025/26 riba peke yake, kabla ya kurudisha hata shilingi ya mkopo wenyewe, ilikadiriwa kama trilioni 1.1, ambayo ni theluthi ya mapato yote. Kaunti zote 47 ziligawiwa bilioni 415. Riba ilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ugatuzi mzima.

Kinachotokea pesa zikipungua tulikiona mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulitaka kukusanya kama shilingi bilioni 346 za ziada. Vijana wakajaa barabarani, na tarehe 25 Juni wakafika hadi ndani ya Bunge. Wengine hawakurudi nyumbani, Mungu awarehemu. Siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza hatauidhinisha. Mimi niliwaunga mkono vijana wale na bado nawaunga. Lakini tazama bajeti ilipokatwa panga liliangukia wapi. Riba haikuguswa, haikuweza kuguswa. Mgao wa kaunti uliokuwa umekwisha kupitishwa, shilingi bilioni 400.1, Bunge la Taifa likataka uwe bilioni 380. Seneti ikapinga, wakavutana kwa miezi mingi, wakakubaliana bilioni 387.4. Miezi yote ile ya kuvutana, kaunti zilikuwa zinaendeshwa bila kujua zitapata kiasi gani. Kwenye kituo cha afya maana yake ni rafu za dawa. Muuguzi anakuandikia karatasi ukanunue mwenyewe dukani.

Na mtu wa mwisho katika foleni ile, nataka mumtazame kwa karibu, kwa sababu mnamjua. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, kati ya 2020 na mwanzo wa 2023, mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa katika kaunti kame za Kenya. Katika kiangazi kama kile, kaunti hukodi malori ya kupeleka maji vijijini. Mwenye lori anapewa LPO, ile karatasi ya kuagiza kazi. Anakopa dizeli kwenye kituo cha mafuta, analipa dereva na utingo, anabeba maji wiki hadi wiki. Akimaliza anapeleka invoisi, inapigwa muhuri. Anaambiwa pesa hazijaingia kutoka Nairobi. Juni inafika, mwaka wa fedha unafungwa, anaambiwa asubiri bajeti ijayo. Mwaka wa pili karatasi zile ziko kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, zimeanza kufifia wino. Matairi yameisha, lori limeegeshwa uani, na mwenye kituo cha mafuta haamkiani naye tena. Deni lake haliingii katika ile trilioni 11.8. Linaitwa malimbikizo, na ofisi ya Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, imekuwa ikiripoti kwamba kaunti zote kwa pamoja zinadaiwa malimbikizo ya zaidi ya shilingi bilioni 170. Mwenye lori yule ameikopesha serikali sawasawa na benki ya Beijing au London. Tofauti ni kwamba benki inalipwa riba kwa tarehe, naye halipwi riba wala tarehe hana. Kiangazi kingine kikija, atakubali kubeba maji tena?

Sasa niwape wazee haki yao niliyoahidi. Wanaposema deni ni la Nairobi, wanakumbuka mbali. Mwaka 1965, eneo hili likiwa bado katikati ya vita vilivyoitwa vya shifta, watu wa Waso, yaani wa huku kwetu, wakinyang'anywa mifugo na punde wakazungushiwa kambi, serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10. Waraka ule ulisema wazi kwamba pesa za maendeleo ziwekwe mahali penye ardhi nzuri na mvua, patakapozalisha zaidi na haraka, kisha faida itasambaa. Haikusambaa. Reli, viwanda, lami na umeme vilienda kwingine, baadhi ya miradi hiyo kwa mikopo iliyolipwa na Wakenya wote. Kwa hiyo mzee wa Kinna akisema hakula, anasema kweli.

Katiba ya 2010 ilikiri hilo kwa maandishi. Kifungu cha 201 kinasema mzigo na faida za mikopo ya umma vigawanywe kwa haki kati ya kizazi cha leo na kijacho. Kifungu cha 204 kikaanzisha Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma, mpaka nayo yafikie maeneo mengine. Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za kwanza kutajwa. Hilo nalo ni deni, limeandikwa katika Katiba ile ile iliyo na kifungu cha 214. Lakini pesa zilizotoka mpaka sasa ni sehemu ndogo ya zilizostahili. Kwanza kanuni zilichelewa, halafu mwaka 2019 Mahakama Kuu ikafuta mwongozo wa kuiendesha, kanuni mpya zikaja 2021, na maeneo ya kugawana yakaongezwa yakawa 1,424 katika kaunti 34. Miaka yote hiyo Eurobond haikukosa tarehe yake hata mara moja. Hazina ya Kitaifa ikitaka kulipa kwa wakati, inajua.

Na muda unakwenda. Hazina ya Usawazishaji iliwekewa miaka 20, inakoma Agosti 2030. Bunge linaweza kuiongezea muda, ila ni lazima zaidi ya nusu ya wabunge wote wakubali, na zaidi ya nusu ya kaunti katika Seneti. Kura hizo haziji zenyewe. Mbunge wa Isiolo Kusini na seneta wetu watakapokuja kuomba kura mwaka 2027, suala hilo liwekwe mezani kabla ya chai.

Kabla ya hapo kuna la kufanya karibu zaidi. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Mkutano ukiitishwa hapa Kinna, nendeni, hata ukiitishwa kwa tangazo la jana jioni. Mwakilishi wa wadi atakuwa na kitabu. Mwambieni afungue ukurasa wa malimbikizo, asome majina ya wanaodai na tarehe za invoisi zao, kuanzia ya zamani kuliko zote. Kisha afungue ukurasa wa Hazina ya Usawazishaji, aseme Kinna ilitengewa nini, kilichofika ni kiasi gani, na mradi uko wapi mtu aende akauone kwa macho.